Kutoka kwenye pedi hadi kwenye pazia: mwongozo kamili wa kugeuza mfululizo wa gemu kuwa filamu, kwa vijana wa Unguja na Pemba

Wengi wanaotaka kutoa filamu kwenye gemu huanza kwa kuorodhesha matukio: hapa mlipuko, hapa baba anakufa, hapa anatokea bosi wa mwisho. Wakimaliza wana orodha ndefu na hawana filamu. Nusu ya hadithi ya gemu imo mikononi mwa anayecheza. Yeye ndiye aliyenyemelea adui robo saa nzima, akahesabu risasi tatu zilizobaki, akaamua amwokoe nani na amwache nani. Aliyekaa mbele ya pazia la sinema hana pedi ya kuchezea, kwa hiyo ule uzito haumfiki. Kazi yako, kuanzia skripti mpaka kwa edita, ni kumtafuta mhusika atakayeubeba uzito ule badala ya mchezaji.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo: kamera moja au mbili, watu wasiozidi kumi na watano, na pesa za kuungaunga.

Hatua ya 1: Jua gemu ina mwenyewe

Hatua hii inachosha na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Gemu kubwa ina wenyewe, na aliyeitengeneza huenda asiwe anayemiliki haki. The Last of Us, kwa mfano, ni kazi ya Naughty Dog, lakini Naughty Dog ni mali ya Sony. Na ile kauli ya "hapa Zanzibar nani atatuona" ifute kabisa. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa mataifa wa kulinda hakimiliki, tangu 1994, na Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki pamoja na ofisi yake, COSOZA. Kazi ya Mjapani inalindwa hapa kama ya mtu wa Makunduchi.

Una njia tatu.

Ya kwanza ni filamu fupi ya mashabiki, isiyoingiza hata shilingi. Baadhi ya kampuni zimeandika masharti ya kazi za namna hii kwenye tovuti zao, nyengine hazitaki kabisa. Soma masharti neno kwa neno. Mara nyingi kinachokatazwa ni tiketi, wadhamini, na kutumia muziki au sauti za gemu yenyewe. Usipoona masharti popote, usidhani umeruhusiwa.

Ya pili ni kwenda kwa studio ndogo. Kuna gemu nzuri zimetengenezwa na watu wanne au watano tu, na watu hao hujibu barua pepe. Waombe wakushikie haki kwa muda, mwaka mmoja au mwaka na nusu, kwa malipo madogo. Ukipata pesa za filamu ndani ya muda huo mnaingia mkataba kamili, ukikosa haki inarudi kwao. Mkataba useme filamu itaonyeshwa wapi, kwa lugha zipi, nani mwenye kauli ya mwisho juu ya skripti, na nani ana haki ya sehemu ya pili ikitakiwa. Hilo la mwisho lisiachwe kwa maneno ya mdomo, hata kama mmeelewana vipi.

Ya tatu ni kuchukua wazo na kuandika hadithi yako. Wazo tupu la baba mlezi na mtoto wanaovuka nchi iliyoharibika halina mwenyewe. Wahusika, majina, maneno yao na sura zao ndivyo vyenye mwenyewe.

Kwa kikundi kinachoanza ningeshauri ya tatu. Ya pili ndiyo watu hawaifikirii, na ni ya kujaribiwa.

Hatua ya 2: Cheza tena, mara hii na daftari

Gawa ukurasa sehemu mbili. Kushoto andika hadithi inasema nini, kulia mkono unafanya nini. Kushoto utaandika "wanaingia mjini, wanagombana". Kulia utaandika "natafuta ngazi, namnyanyua mwenzangu apite juu, nasubiri aniangushie kamba". Ukimaliza mfululizo mzima soma upande wa kulia peke yake. Kitendo kinachorudi katika kila gemu ndicho uti wa mgongo wa filamu yako. Katika The Last of Us ya 2013, yule mtoto anayesafiri na mhusika wako anapandishwa, anavushwa na kusubiriwa mara nyingi mno. Mchezaji anakuwa mlezi kwa vidole vyake kabla hadithi haijamwambia kwamba yeye ni mlezi.

Kisha nenda kwenye banda la gemu. Yapo mengi Ng'ambo, na Chake Chake hayakosekani. Usicheze. Kaa nyuma na wale wanaosubiri zamu. Hao ndio hadhira yako: wanaitazama gemu bila kuishika. Angalia wanapopiga kelele, wanaponyamaza, na wanapotoka kwenda kununua urojo. Mapigano marefu ambayo mchezaji anayapenda mara nyingi ndiyo yanayowatoa nje, kwa sababu kwao ni kitu kile kile dakika kumi. Mazungumzo ya wahusika wakitembea njiani, ambayo mchezaji huyaruka, ndiyo yanayowafanya waulize, "Huyu nani wake yule?" Andika maswali yao. Skripti yako itabidi iyajibu.

Hatua ya 3: Chagua kipande kimoja tu

Gemu moja ya hadithi huchukua saa kumi na tano au zaidi kuimaliza. Tatu ni saa arobaini na tano. Filamu ni dakika mia moja, na ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja. Hesabu hiyo haina mjadala.

Waliotangulia walikata kila mmoja kwa njia yake. Resident Evil ya 2002 ilimbuni Alice, ambaye hayumo kwenye gemu, ikamzungushia kila kitu, na filamu zikafika sita. Assassin's Creed ya 2016 nayo ilibuni mhusika mpya, lakini ikatumia muda mwingi kueleza ile mashine ya kurudi kwenye kumbukumbu za mababu hata mtu mwenyewe hatukumjua. Uncharted ya 2022 ilimrudisha shujaa ujanani na kuokota vipande kutoka gemu zaidi ya moja. Ilipata watazamaji, ila mimi niliona mtu anayeruka bila kuchoka, wakati kwenye pedi kila kuruka kulikuwa na roho mkononi. Tamthilia ya The Last of Us, katika msimu wake wa kwanza wa 2023, ilichukua gemu ya kwanza peke yake, ikaipa vipindi tisa. Kipindi cha tatu kiliacha njia ya gemu karibu chote na kukaa na watu wawili ambao kwenye gemu tunamkuta mmoja akiwa hai na habari ya mwenzake tunaipata kwa barua. Kimesifiwa kuliko vingi. Aliyekiandika, Craig Mazin, alifanya kazi bega kwa bega na Neil Druckmann aliyeiandika gemu, kwa hiyo kuacha njia kule kulikuwa na idhini ya mwenyewe.

Kwa dakika mia, chukua gemu moja. Kwa filamu fupi ya dakika ishirini, chukua misheni moja.

Hatua ya 4: Geuza kitendo cha mkono kuwa deni la mhusika

Hapa ndipo penye kazi, na mfano utasaidia. Tubuni mfululizo wa gemu tatu za magendo ya karafuu. Katika ya kwanza unacheza kama Mize, msichana wa Pemba anayeshika usukani wa mashua usiku kuelekea pwani ya Kenya, gunia juu ya gunia. Ya pili inarudi nyuma miaka kumi, unacheza kama ami yake, Faki. Katika ya tatu unamshika Kombo, kaka yake Mize, ambaye sasa amevaa sare za doria. Zote tatu zina kitendo kimoja: boti ya doria ikitokea, unapima uzito na mwendo. Ukitupa magunia, mashua inakuwa nyepesi na unaponyoka, lakini unafika mikono mitupu. Usipotupa, huenda ukashikwa.

Kwenye pedi hilo ni jambo zito, maana umetumia saa nzima kuyakusanya magunia yale. Kwenye pazia ni mtu anatupa magunia baharini, basi. Mtazamaji hakuyakusanya.

Kwa hiyo kila gunia lipe mwenyewe. Kabla mashua haijaondoka, tupeleke kwenye majamvi ya karafuu. Tumwone Bi Time akichambua makonyo (vikonyo vya karafuu) na mjukuu wake, kidole kimeingia weusi, akikataa kuuza pishi moja dukani kwa sababu amekwisha kulipigia hesabu gunia zima: ada ya skuli, bati nne, deni la dawa. Tumwone mzee mwengine aliyechanganya makonyo na karafuu akidhani Mize hatagundua. Magunia matano, watu watano, na kila gunia lina alama: kitambaa chekundu, kamba ya usumba, fundo la kushoto. Usiku ukifika, Mize akishika kamba ya gunia lenye kitambaa chekundu, ukumbi mzima unajua ni la nani. Sasa mtazamaji anapima uzito kama alivyopima mchezaji. Na lile gunia la mzee laghai? Mpe Mize nafasi ya kulitupa la kwanza, kisha umnyime: liko chini kabisa.

Fanya hivyo hivyo kwa kila kitendo kikubwa. Mchezaji anakufa na kurudi mara ishirini mpaka ajue njia. Mhusika hafi mara ishirini. Ule ujuzi wa kurudia mpe kama historia: ami Faki anaujua mkondo ule kwa sababu alimpoteza mtu pale. Mchezaji anachagua mwisho mmoja kati ya miwili. Filamu ina mmoja. Chagua ule unaomgharimu mhusika zaidi, na ule mwengine uuache uonekane kama mlango alioupita. Ramani, pointi, mita ya uhai, vyote viache.

Hatua ya 5: Skripti na kauli za watu

Usiandike mazungumzo kwa Kiingereza cha gemu kisha ukayatafsiri. Yataonekana mara moja, na ukumbini kwetu watu hawaoni haya kucheka. Waandikie Wapemba maneno ya Kipemba, na mtu wa mjini maneno ya mjini. Msichana hamwiti ami yake kwa jina, hata mashua ikizama. Kwenye gemu skrini ingesema bonyeza hapa kutupa mzigo. Kwenye skripti:

"Ami, hilo la Bi Time."

"Nalijua."

"Mjukuu wake anaanza skuli Jumatatu."

"Mize. Kata kamba."

Mistari minne. Haina maelezo, kwa sababu tulimwona Bi Time kwenye jamvi. Ukijikuta unahitaji sauti ya msimulizi kueleza kilichotokea, jua umeruka sini mahali. Sisi tumekulia kwenye mikanda iliyotafsiriwa na ma-DJ juu ya sauti za wahusika, na raha yake tunaijua, lakini huwezi kutegemea DJ azibe tundu la skripti yako.

Isomeni skripti kwa sauti mbele ya watu wawili: mmoja aliyeimaliza gemu na mmoja asiyeijua. Wa kwanza akilalamika, msikilize. Wa pili akipotea, andika upya.

Kabla hamjashuti, onyesheni nguo na sura ya mhusika mkuu kwa mashabiki. Sonic, yule mhusika wa gemu, alipotokea kwenye trela ya filamu yake ya 2019 watu walimkataa, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020 ili achorwe upya. Studio kubwa iliweza kumudu hasara ile. Nyinyi picha tatu za simu barazani zinatosha kuwaepusha nayo.

Hatua ya 6: Vibali

Kibali cha kushuti na ukaguzi kabla ya kuonyesha ni shughuli ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Peleka muhtasari wa hadithi mapema, na sini za mapigano au za mapenzi zielezeni wazi. Kushtukiziana kwenye ukaguzi kunaua ratiba. Ndani ya Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, kuna mamlaka ya uhifadhi ya kuipitia. Ndege isiyo na rubani ina kibali chake, na hicho ni cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Msitu wa Jozani na wa Ngezi una wasimamizi, na magofu vilevile.

Kisha sheha. Hata ukiwa na mihuri yote, nenda kwa sheha wa shehia mnayoshuti, umweleze siku na saa. Kama kuna bunduki, hata za mbao, polisi wajulishwe kwa barua na bunduki zisitembezwe mitaani nje ya sini. Watalii wakimwona mtu wa barakoa na bunduki Hurumzi hawatauliza kama ni filamu.

Jambo dogo la lokesheni: sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020. Bado nasoma skripti zenye mapambano ndani ya Beit al-Ajaib.

Hatua ya 7: Ratiba ya maji, upepo na adhana

Gemu inampa mchezaji mchana au usiku anapotaka. Huku ratiba anaipanga Mungu, na ukipuuza kalenda ya maji utashuti nusu ya sini tu.

Tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvu, yaani maji makubwa, hufika kama mita nne. Pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, bahari hurudi mpaka karibu na mwamba. Ukimshuti Mize akizungumza saa tatu asubuhi bahari ikiwa nyuma yake, ukageuza kamera kwa ami yake kisha ukaenda kula, ukirudi saa sita kumalizia sura ya Mize, nyuma yake kuna mchanga na wanawake wa mwani. Edita hawezi kuiokoa. Kwa hiyo sini ya ufukweni: shuti pande zote mbili za mazungumzo kwanza, picha za mbali baadaye. Maji husogea karibu saa moja kila siku, basi ratiba ya kesho si ya leo. Na bamvu huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hadithi ikitaka giza na maji mengi, ngojea mwandamo.

Sini za mashua msizifanye baharini kwenye kina. Ifungeni mashua kwa nanga mbili penye maji ya kiunoni, taa moja iwe juu ya mlingoti wa mashua ya pili, na watu wawili wasioonekana waitikise. Giza la nyuma litafanya kazi iliyobaki. Kila mtu avae jaketi la kuokolea mpaka kamera iwake, na nahodha wa kweli awe na amri juu ya dairekta.

Masika, Machi hadi Mei, usipange kushuti nje. Kusi ikishika, kati ya Juni na Septemba, ufukwe wa mashariki una upepo unaoua sauti. Maiki ivalishwe manyoya, au sini ihamie upande wa magharibi. Ukitaka karafuu za kweli kwenye majamvi, mavuno makubwa kwa kawaida huwa nusu ya pili ya mwaka. Ramadhani husogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, itazame kwanza kabla ya kutaja tarehe kwa yeyote.

Adhana nayo. Mji Mkongwe misikiti imekaribiana, na adhana huanza hapa ikamalizikia pale. Ikisikika kwenye sentensi ya Mize na isisikike kwenye jibu la ami yake, kila mtu ukumbini ataisikia ilivyokatwa. Weka saa za sala kwenye ratiba, simamisha kazi, wanaotaka kusali wakasali, na mtu wa sauti arekodi dakika mbili za mtaa mtupu mkirudi.

Hatua ya 8: Sauti na muziki

Wimbo wa gemu usiutumie, hata sekunde kumi. Tafuta kilichokuwa kinafanywa na muziki ule (kutisha, kutuliza, kukumbusha) ukamwombe mtu atunge kitu kipya. Tuna wapigaji wa qanuni, udi na kidumbak ambao hawajawahi kuombwa kutunga filamu. Mwambie mtunzi: sauti moja kwa ajili ya magunia, irudi kila gunia linapodondoka, kila mara ikipungua ala moja. Taarab ya zamani kwenye rekodi pia ina wenyewe, pita COSOZA.

Hatua ya 9: Kukata na kuonyesha

Mkato wa kwanza mwonyeshe yule asiyeijua gemu. Akiuliza "kwa nini hakutupa lile jengine?" mmefaulu, maana ameanza kucheza. Akiuliza "huyu nani?" rudini mezani.

Kwa hadhira kubwa, ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na maonyesho yake ya Ngome Kongwe yanajulikana nje ya nchi. Wasilisha mapema, ukiwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha yaliyoandikwa na mtu, maana mashine hutafsiri "ami" vibaya kila mara. Pamoja na filamu watahitaji uthibitisho wa haki: barua ya mwenye gemu, mkataba wa muziki, fomu za waigizaji zilizotiwa saini, na za wazazi kwa walio chini ya miaka 18. Filamu ya mashabiki isiyo na barua ya mwenye haki usiipeleke penye tiketi, hata mwenye ukumbi akisema haina neno.

Picha zote ghafi ziwe kwenye diski mbili, kila moja nyumba yake. Chumvi ya bahari na umeme wa kukatikakatika huua diski zetu mapema.